Siku ya Kliniki Hulipwa na Nani?

Mama zangu na baba zangu wa kata yetu ya Ngarenaro hapa Arusha, walimu, viongozi wa mitaa na watumishi wa afya mliofika: Kiswahili kilikwisha kulisema jambo letu la leo kabla sisi hatujaanza kulijadili. Mtoto anapopatwa na maradhi tunasema anaugua, na mzazi anayekesha naye tunasema anauguza. Ni kitenzi kilekile, kimeongezwa sauti moja tu. Lugha haikumweka mzazi kando kama mtazamaji, imemwingiza ndani ya ugonjwa wenyewe. Na yule anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo, aliyesomea na kuvaa sare, tunamwita muuguzi, kutoka mzizi uleule. Tofauti ya wawili hawa ni kwamba muuguzi wa hospitali ana zamu, na zamu ina mwisho, na mwisho wa mwezi ana malipo. Mama anayeuguza mtoto mwenye maradhi sugu hana hata kimoja kati ya hivyo. Ninalotaka kulieleza ni hili: tunapozungumzia msaada kwa familia hizi tunahesabu bei ya dawa na kusahau bei ya siku, na siku ndiyo inayoziangusha. Msaada wa kwanza wanaouhitaji ni kurudishiwa siku zao.

Kwa nini jambo hili limekuwa kubwa katika miaka yetu? Jibu lake, kwa bahati njema, limetokana na ushindi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulikuta 43. Chanjo, vyandarua vyenye dawa na dawa mseto za malaria zimefanya kazi yake. Lakini mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, akinusurika malaria na kichomi, anabaki na selimundu yake. Zamani wengi wao walizikwa wakiwa wachanga, na mtaa ukasema ameuawa na homa, au ameishiwa damu. Leo yuko darasa la tatu. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka, hesabu inayotuweka miongoni mwa nchi chache zenye mzigo mkubwa kuliko zote duniani. Kisukari cha watoto nacho kina historia ya namna hiyo. Kabla ya Januari 1922, insulini ilipodungwa kwa mara ya kwanza kwa kijana wa miaka 14 huko Toronto, Kanada, mtoto aliyepata kisukari hakuwa na miaka ya kupangiwa. Sasa Chama cha Kisukari Tanzania, kikisaidiwa na wafadhili wa nje, kinawafikishia watoto na vijana wengi insulini bila malipo. Ongezeni hapo pumu, kifafa, maradhi ya moyo, watoto waliozaliwa na mgongo wazi au kichwa kujaa maji. Hawa wote ni watoto ambao tiba imewaongezea maisha, na maisha hayo kila asubuhi yanahitaji mtu wa kuyashika mkono.

Tuitazame basi siku yenyewe, kwa karibu. Ukilinganisha na wenzetu wa Longido au Ngorongoro, sisi tumekaa pazuri. Tuna vituo vya afya hapa Ngarenaro, Levolosi na Kaloleni, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru haiko mbali. Lakini mtoto mwenye maradhi sugu mara nyingi hupandishwa ngazi, kwa sababu daktari bingwa yuko juu, kipimo kiko juu, na wakati mwingine dawa nayo iko juu. Ngazi inayofuata ni hospitali ya KCMC, Moshi, yapata kilomita 80. Akiwa na tatizo la moyo linalohitaji upasuaji, ngazi ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600. Siku ya kliniki ya Moshi huanza usiku. Mama huamka kumwogesha mtoto, hufunga chapati kwenye mfuko, hutafuta daftari la kliniki ambalo jalada lake limeshachakaa kwa kufunguliwa, hupanda kifodi hadi stendi na kuwahi basi la alfajiri, kwa sababu faili linapokelewa kwa foleni na foleni haimjui aliyetoka mbali. Hapo ni faili, daktari, maabara, kurudi kwa daktari, kisha dirisha la dawa. Daktari huzungumza naye dakika chache. Saa zilizobaki zote amekaa kwenye benchi, na jioni anarudi amebeba mtoto aliyesinzia.

Sasa ulizeni siku hiyo imegharimu nini. Mtu wa mshahara atahesabu nauli na chakula. Lakini wengi wa wazazi wa kata hii hawana mshahara. Wanauza nyanya, ndizi na mboga soko la Kilombero, wanapika kwa ajili ya vibarua, wanashona, wanaendesha bodaboda. Kwa watu hawa siku haipimwi kwa faida pekee. Muuza nyanya ananunua asubuhi kwa fedha ya jana, anauza mchana, jioni anatoa ya chakula na kubakiza ya kesho. Asipofika sokoni, hakuna kilichouzwa, ila chakula kimeliwa vilevile, na nauli imelipwa. Fedha iliyotoka ni ile ya kununulia mzigo wa kesho. Kwa hiyo siku moja ya kliniki inakula mtaji. Mara ya kwanza atakopa kwenye kikoba. Mara ya pili atapunguza mzigo, kutoka tenga moja hadi nusu. Mara ya tatu mteja wake wa kila siku ameshazoea meza ya jirani. Familia haifilisiki kwa siku moja kubwa ya msiba ambayo mtaa wote ungeiona na kuchangia. Inamomonyoka kidogo kidogo, kila mwezi tarehe ya kliniki ikifika, mara 12 kwa mwaka, bila mtu kupiga mbiu. Wachache walioajiriwa nao wana ulinzi mdogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku nne zenye malipo kwa ajili ya mtoto kuugua au kufariki, na ndani ya siku hizohizo nne imeingizwa misiba ya mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa naye. Aliyeiandika bila shaka alikuwa anamfikiria mtoto anayeugua kisha akapona.

Nikisema siku hizi zinaweza kurudishwa, siongei ndoto, kwa sababu nchi hii imewahi kufanya hivyo. Tangu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, tumejenga huduma kamili ya maradhi ya kudumu, watoto wakiwemo. Mwanzoni ilikuwa hospitali kubwa na foleni ndefu za kila mwezi. Baadaye kliniki hizo za UKIMWI, ziitwazo CTC, zikashuka hadi vituo vya afya na zahanati. Mgonjwa akapewa kadi yenye namba inayofuatiliwa. Akikosa kufika, mtu anapiga simu au anakwenda nyumbani kumtafuta. Aliye imara akaanza kupewa dawa za miezi mitatu, na wengine sita. Vijana wakapewa siku yao na kikundi chao. Kila hatua kati ya hizo ilirudisha siku kwa familia, na hakuna iliyohitaji dawa mpya. Mtoto wa nyumba ya pili mwenye kifafa, ambaye vidonge vyake ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa, hana namba ya kufuatiliwa wala mtu wa kumtafuta akipotea. Tafiti za nyumba kwa nyumba zilizofanywa Hai, hapa jirani, zilikuta watu wengi wenye kifafa hawako kwenye matibabu kabisa. Rwanda nako, hospitali za wilaya zimewafundisha wauguzi kuendesha kliniki za kisukari, moyo na maradhi mengine magumu bila kumngoja daktari bingwa, na Agosti 2022 mawaziri wa afya wa Afrika, wakikutana Lomé, Togo, waliupitisha mwelekeo huo kuwa mkakati wa kanda nzima. Ninachokipendekeza kwa Ngarenaro ni kwamba kituo cha afya cha kata kiwe mahali pa ufuatiliaji wa kawaida, na Mount Meru na KCMC pabaki pa yale yanayohitaji bingwa kweli. Mtoto akitoka kwenye safari 12 za mbali akabaki na tatu au nne, mama amerudishiwa siku zinazokaribia kumi.

Najua daktari aliyeketi hapa ana pingamizi, nalo ni la haki. Mtoto anakua, kipimo cha dawa hubadilika na uzito. Mwenye selimundu anayetumia dawa ya haidroksiyurea lazima apimwe damu mara kwa mara. Insulini inataka ubaridi, hivyo huwezi kumjazia mtu chupa za miezi sita nyumbani asiko na friji. Yote ni kweli. Lakini mizani ya kupimia uzito iko kila kituo cha afya, na sampuli ya damu inaweza kusafiri yenyewe kwenda maabara ya hospitali, kama zinavyosafiri sampuli za wenye virusi vya UKIMWI. Akina mama wenyewe wamekuwa wakiitunza insulini kwa akili waliyoirithi jikoni: chupa inafungwa isiingie maji na kuwekwa ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga wenye unyevu, mbali na jua. Wanaohitaji kuonwa kila mwezi waonwe kila mwezi. Kinachonitia uchungu ni kwamba aliye imara na asiye imara wanapangiwa tarehe kwa kanuni moja, na kanuni hiyo haijawahi kuuliza mama anauza nini.

Pingamizi la pili linatoka kwetu wenyewe, tena kwa sauti ya upole. Tunasema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kisha tunaondoka. Wengine husema hili ni jukumu la ukoo, na kwamba serikali ikiingia, undugu utakufa. Mimi nauheshimu ukoo, na bila shangazi na bibi watoto wengi wasingekuwa hai. Lakini ukoo umejengwa kwa ajili ya dharura. Unachanga kwa nguvu mtoto anapolazwa, unachanga zaidi akifariki. Mwaka wa saba wa sindano za kila siku haujui kuuchangia, kwa kuwa hauna tukio la kuwaita watu. Zaidi ya hayo, ukoo mara nyingine huleta maneno badala ya mkono. Kifafa kinaitwa cha kurogwa, na mtu anaogopa kumshika mtoto aliyeanguka eti povu linaambukiza, jambo lisilo na ukweli wowote. Selimundu, ambayo mtoto huirithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, inageuzwa kuwa damu mbaya ya upande wa mama. Baada ya maneno hayo, anayebaki peke yake na mtoto kwa kawaida ni mwanamke. Ndiyo maana natamani kila ugonjwa uwe na siku yake ya kliniki, ili wazazi wa watoto wa kisukari wakutane benchi moja. Mama aliyezoea kumdunga mwanawe kwa miaka mitano atamfundisha aliyeanza juzi mambo ambayo daktari hana muda nayo: namna ya kumwamsha mtoto usiku sukari ikishuka, na lipi la kumwambia bibi anayempa soda kwa huruma.

Pingamizi la fedha ndilo zito, na hapa lazima tuzungumze juu ya bima. Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, iliyokuwa ikilipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na wazazi wakaelekezwa kuwasajili watoto kupitia shule au kama familia. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kihesabu: waliojitokeza wengi ni wenye watoto ambao tayari wanaumwa, na malipo kwa hospitali yakawa makubwa mno kuliko michango. Mpango huo ulirudi baadaye kwa sura mpya, ila somo lake limebaki, na wapo wanaolisoma kuwa ni udanganyifu wa wazazi. Mimi nalisoma vingine. Mzazi aliyemkatia bima mtoto anayeumwa amefanya kile hasa ambacho mzazi yeyote mwenye akili angefanya. Kosa lilikuwa katika muundo: mfuko wa hiari huwakusanya wagonjwa, kisha unawataka wagonjwa wabebane. Wenye afya walikuwa nyumbani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inajibu kosa hilo kwa kuwaingiza watu wote, na kwa sababu hiyo mwenye mtoto mzima hapaswi kuiona kama kodi ya kuwalipia wengine. Lakini kuna jambo la kuliangalia. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, bei ambayo familia nyingi ziliimudu, ila huduma zake zilikomea hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa malaria, hilo linatosha kabisa. Kwa mtoto wa moyo, kadi ilikuwa inaishia Mount Meru na ugonjwa ukiendelea na safari. Kitita cha bima kisichomfuata mtoto mwenye maradhi sugu hadi Moshi na Dar es Salaam kitakuwa kimewakinga watu wote isipokuwa yule aliyekihitaji zaidi. Wala tusijifiche nyuma ya wafadhili. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ghafla, hata huduma za UKIMWI tulizozisifu zilitikisika, na insulini ya watoto wetu imeegemea ukuta wa namna hiyohiyo.

Hapa Meru tuna ugonjwa mmoja ambao nchi nyingine nyingi hazina habari nao, na unaonyesha hoja yangu vizuri kuliko mengine. Jina la kata hii limetoka Kimaasai, maana yake maji meusi, na upande wa mashariki kuna Maji ya Chai, mto ulioitwa hivyo kwa rangi yake. Maji ya Mlima Meru yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi. Kipimo kinachokubalika na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya chemchemi na mito inayouzunguka Meru hukizidi mara kadhaa. Nchi yetu kwa miongo mingi iliruhusu kiwango cha juu kuliko hicho, kwa kuwa maji mengine hayakuwepo. Matokeo tunayajua wote: meno ya kahawia, na katika maeneo yenye madini mengi zaidi, watoto wadogo ambao mifupa yao hupinda miguu ikaachana au kugongana magoti. Magadi ya kuivishia maharage na makande huongeza madini hayohayo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeonyesha kwamba mkaa wa mifupa unaweza kuchuja floraidi, na mradi mkubwa wa maji wa jiji umeleta maji ya afadhali mitaani. Lakini kwa familia ya nje kidogo ya mji, ushauri wa kumpa mtoto maji salama una maana ya mtu kubeba ndoo ya pili, ya mtoto peke yake, kutoka bomba la mbali, kila siku. Tena mama huyohuyo. Na mguu ukishapinda, upasuaji ni mwanzo tu: kuna majuma ya plasta, kusafisha vidonda, chakula chenye nguvu, mazoezi ya kutembea upya. Chumba kimoja cha kupanga chenye ngazi za udongo hakikuumbwa kwa hayo. Hapa Arusha ipo nyumba iitwayo The Plaster House, ambako watoto waliofanyiwa upasuaji hukaa hadi wapone, wakila na kujifunza pamoja. Nyumba hiyo inafanya kazi kwa sababu walioianzisha walielewa kwamba mpasuaji anahitaji saa mbili na familia inahitaji miezi.

Nimalizie kwa shule, maana huko ndiko siku nyingi hupotelea bila kujulikana. Juni na Julai, kipupwe kinaposhuka kutoka mlimani, baridi huamsha maumivu ya mtoto mwenye selimundu. Ukosefu wa maji mwilini huyaamsha pia, na figo zake hazihifadhi maji kama za wenzake, hivyo anatakiwa kunywa mara nyingi na kwenda chooni mara nyingi. Shule isiyojua haya humwambia avue koti lisilo la sare, humkataza chupa ya maji darasani, humwona mtoro anapoomba ruhusa ya tatu. Kufikia saa nne anajikunja kwa maumivu ya mifupa, na mwalimu, kwa hofu ya haki kabisa, anampigia mama simu aje amchukue. Hiyo ni siku nyingine iliyokufa, na haimo kwenye daftari lolote la kliniki. Ninachowaomba walimu wa kata hii hakihitaji bajeti. Kituo cha afya kiandike karatasi moja kwa kila mtoto: ana nini, asikatazwe nini, akianza kuumwa apewe nini, na dalili zipi zikionekana apelekwe hospitali bila kungoja. Karatasi hiyo ikae kwa mwalimu wa darasa, na nakala kwa mwalimu wa afya. Mtoto avae sweta mbili, chupa iwe juu ya dawati, maumivu yakianza apewe dawa yake, maji, na mahali pa joto pa kulala saa moja. Saa nane atatoka na wenzake. Mama yuko Kilombero, tenga la nyanya limefika nusu, na simu yake mchana wote haijaita.